Salamu ya Generoza

Mdogo wake Generoza ndiye aliyenipokea Busunzu siku ya tatu ya msiba. Akanipa kigoda jikoni, katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, na nilipomtajia jina langu akaacha kumenya. "Zuhura wa Kasulu? Yule wa ualimu?" Nikasema ndiye. "Dada alikuwa akikutaja. Alikuwa akituambia, Zuhura ana moyo mzuri kuliko watu wote niliowahi kulala nao chumba kimoja. Msimwombe ushauri." Wanawake wakacheka, lile cheko la msibani la kuziba mdomo kwa kanga, na mimi nikacheka nao, maana nilidhani ni mzaha. Nilipomtazama usoni nikaona yeye hacheki. Alinisogezea ndizi na kisu kingine, nikamenya mpaka utomvu ukaniganda vidoleni. Hakuna aliyeniuliza tena kitu. Nimefundisha miaka thelathini na miwili na nimestaafu na jina zuri, wazazi wa watoto wananisimamisha njiani wanishike mkono, lakini jikoni mle nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na niliyekuwa namlilia nilikuwa nimeshamzika mara moja kabla, mwaka ule wa sabini na sita.

Mwaka ule walimu walitakiwa upesi. Watoto wote waende shule, ndivyo redio ilivyosema, na watoto walikuwa wengi kuliko walimu, hivyo sisi tuliomaliza darasa la saba tukaokotwa huku na huku tufundishwe kufundisha. Kituo chetu kilikuwa juu ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kilikufa zamani na waliobaki wana wajukuu. Wasichana tulikuwa kumi na wawili, na tulilala katika ghala la mahindi lililokatwa katikati kwa ukuta wa matete. Upande huu vitanda vyetu, upande wa pili ofisi ya wakufunzi. Ukuta haukufika juu. Mkufunzi akipiga chafya, sisi tunamwambia afya. Akifungua bahasha, tunasikia karatasi. Tulikula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na maharage, na Jumamosi dagaa wa Kigoma waliokaangwa kwa mawese, na siku hiyo nilikuwa nikiamka naimba. Nilikuwa mtu wa kuimba. Nilishalipaka rangi ya samawati darasa langu ambalo sijapewa, nilishawapa majina watoto ambao sijawaona. Generoza, aliyelala kitanda cha kushoto kwangu, alinisikiliza mpaka mwisho kila mara, kisha akauliza kitu kama, "Na vyoo umechimba?"

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu, mchache wa maneno, na aliandika ubaoni mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Wakufunzi walimwita mbele awaonyeshe wengine. Kijijini kwao walikuwa wamejenga shule kwa mikono yao, miti na udongo, watoto wanakaa juu ya magogo, na mwalimu hakuna. Walimsubiri yeye. Wazee walimwambia alipoondoka, usituletee zawadi, tuletee cheti. Kwa hiyo Generoza hakuwa na ndoto kama zangu. Alikuwa na kazi inayomsubiri, akahesabu miezi.

Mkufunzi Bazili alipendwa. Lazima niliseme hilo, kwa sababu vijana wanaponisikia hufikiri mtu wa namna hiyo hujulikana kwa macho. Alituchekesha. Alimuigiza mkaguzi wa wilaya anavyoshuka kwenye Land Rover akishikilia suruali, tukaangua kicheko mpaka tukashika mbavu. Alhamisi alikusanya madaftari ya maandalio ya masomo, na msichana wa zamu aliyapeleka nyumbani kwake, nyumba ya bati kilimani, nyuma ya kiwanja. Tuliita zamu ya kilima. Nilipofika kituoni nilishangaa jinsi wasichana walivyoikimbia. Waliibadilisha kwa kipande cha muwa, kwa kufuliwa shuka. Yasinta wa Munanila alinipa kitana kizima nimshikie ya kwake, nikaenda, mkufunzi siku hiyo alikuwa na wageni, nikarudi naimba na kitana changu. Nikadhani wenzangu ni wavivu wa kupanda. Generoza hakubadilishana na mtu. "Zamu ni zamu," alisema.

Alikwenda Alhamisi moja ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri, jua kali na vumbi. Aliporudi mimi nilikuwa natia kiraka blauzi. Alikaa kitandani, na madaftari bado ameyakumbatia, yote. "Hakuwepo?" nikamuuliza. Akasema, "Amefunga mlango." Nikasema, "Kwa hiyo hakuwepo." Akanitazama kama mtu anayemsemesha mtoto. "Amefunga mlango, Zuhura. Na mimi nikiwa ndani."

Sikumwacha peke yake. Hilo najisifia mpaka leo, na ndilo pekee. Nilimchukua mtoni, nikamwogesha kama mgonjwa, nikachukua gauni lake na kanga yake nikavifua kwa sabuni yangu ya mche, ile niliyokuwa naikata kwa uzi ili idumu mwezi. Niliimaliza nusu siku ile. Nilisugua mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikamwonyesha, "Tazama, hakuna kitu tena." Nilikuwa na furaha kidogo, Mungu anisamehe, ile furaha ya kuwa na la kumfanyia mtu. Kesho yake mganga wa zahanati, mtu mpole, alituuliza nguo ziko wapi, nikamwambia kwa fahari nimeshazifua. Akaweka kalamu chini. Siku hizi nikiitwa shuleni kuzungumza na wasichana, na hata wale wa vyuo wakija likizo, jambo la kwanza ninalosema ni hilo: usioge kwanza, usifue, nguo weka kwenye mfuko wa karatasi, nenda hospitali siku ile ile, kabla siku tatu hazijapita, kuna dawa za kukukinga. Kituo cha polisi kuna dawati la jinsia, mtakaa chumbani na mlango umefungwa na hutasimulia mbele ya watu kaunta. Kamata mtu mmoja akae nawe. Wanaandika. Mimi nawatazama wanavyoandika na nasikia harufu ya sabuni.

Mganga alisema hawezi kuandika chochote bila fomu ya polisi, na fomu iko Kasulu. Kwenda Kasulu kulitaka ruhusa. Ruhusa iliandikwa na mkufunzi wa zamu ya wiki, na ukitoka bila ruhusa umejifukuza. Tulikwenda kusoma orodha iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Wiki ile zamu ilikuwa ya Bazili. Generoza alisoma mara mbili, kisha akasema taratibu, "Basi nikamwombe yeye." Nilitaka kucheka, nikaona anaisoma orodha mara ya tatu.

Tukaenda kwa Mama Felista, mlezi wa wasichana, tukamkuta anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. "Mlipeleka madaftari wawili?" akauliza.

"Peke yangu, mama. Zamu ni ya mtu mmoja."

"Na ukaingia ndani."

"Alisema niyaweke mezani."

"Hukujua meza iko ndani?" Akapuliza pumba. "Mwanangu, mimi sina ninalolikataa. Lakini umebakiza miezi mitano. Miezi mitano si kitu, mwanamke anabeba mimba tisa. Nyamaza, chukua cheti chako, uende kwenu."

"Na Alhamisi ijayo, mama?"

Mama Felista akaokota kijiwe kwenye mchele akakitupa nje. "Alhamisi ijayo ni zamu ya nani?"

"Ya Yasinta."

"Basi si yako."

Generoza aliinuka. Nje akaniambia hataki tena kunyamaza, kwa sababu ya hilo la Yasinta. Akamwandikia mkuu wa kituo barua, kurasa mbili, mwandiko wa kunyooka, akaomba asikilizwe na kamati. Mkuu alikuwa mgeni wa sehemu zile, mtu wa pwani, mwoga wa baridi na mwoga wa kelele. Alikubali. Kamati ikawa yeye, Mama Felista, na Mzee Ntakije aliyewakilisha kijiji, mzee wa Kiha aliyesuluhisha mashauri ya mipaka na ndoa toka kabla sisi hatujazaliwa. Mshitakiwa naye angekuwepo, ajibu.

Na hapa ndipo nilipoombwa ushauri. Tulikuwa tunachambua maharage ya jioni nyuma ya jiko. Generoza akaniuliza, "Nikiingia, na yeye nimsalimie?"

Mtu wa mbali hawezi kuona uzito wa swali hilo. Salamu ya Kiha si neno moja la kupita njiani. Msichana akiingia walipo wakubwa anapiga magoti mlangoni, anakutanisha viganja, anapiga makofi polepole, na anamsalimia kila mmoja kwa zamu yake, mwakeye, naye anajibu na kuuliza ya nyumbani, na wewe unajibu kila swali kwa makofi mpaka yeye aridhike. Mimi nilikulia Kasulu mjini, mitaa ya maduka, sisi ni shikamoo, marahaba, umeshapita. Magoti hayo niliyajua kwa kuyatazama.

"Kwetu," alisema Generoza, "mtu akikukosea, unamruka. Mbele ya wazee unawasalimia wote, yeye unamruka. Wazee wakiona hivyo wanajua kuna neno, na wanauliza neno gani. Usipomruka, hakuna neno."

"Hayo ni ya kijijini," nikamwambia. "Hii ni kamati ya serikali, Gene. Inaandikwa. Ukimruka mkufunzi mbele ya mkuu, watasema kumbe ndivyo alivyo, binti mwenye kiburi, hana adabu, ndiyo maana anasingizia watu. Waonyeshe adabu yako. Wakiona adabu yako watakuamini."

"Mzee Ntakije si wa serikali."

"Ni mzee. Mzee gani hapendi adabu?"

Akatupa punje iliyotoboka. "Wewe ungefanya hivyo?"

"Mimi ningemsalimia hata shetani," nikasema, "kama ndiyo njia ya kumfunga." Nikaona nimesema vizuri sana. Yeye akatabasamu, mara ya kwanza toka Alhamisi, na tabasamu lile likanidanganya mimi zaidi ya yeye.

Kamati ilikaa Jumatatu, saa nne asubuhi. Niliruhusiwa kumsindikiza nisimame mlangoni, nisiseme. Ofisi ilikuwa na meza moja, chupa ya chai, picha ukutani, na dirisha lililotazama kiwanja ambako wavulana walikuwa wakifanya mazoezi, moja, mbili, moja, mbili. Generoza akapiga magoti. Akamsalimia mkuu, mkuu akajibu upesi upesi, hajui. Akamsalimia Mzee Ntakije, mzee akamuuliza ya kwao yote, pole pole, kwa upole. Akamsalimia Mama Felista. Kisha akanyamaza. Bazili alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mguu juu ya mguu. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba Mzee Ntakije alisogea mbele kwenye kiti, na sasa najua alisogea kwa nini. Generoza akageuza kichwa akanitazama mimi.

Nikamwitikia kwa kichwa. Endelea.

Akakutanisha viganja. "Mwakeye, Mkufunzi."

Bazili alishusha mguu. Alikuwa mwerevu, na alikuwa mtoto wa Kiha kama yeye. Alikutanisha viganja vyake naye, akaitika kwa sauti ya mjomba aliyerudi safarini. "Mwakeye, binti yangu. Umeamka salama?"

"Salama."

"Mama hajambo huko Busunzu?"

"Hajambo."

"Migomba haikuangushwa na upepo?"

"Haikuangushwa."

"Na wadogo zako?"

"Wazima."

"Na mwili wako, nguvu zipo?"

Makofi ya Generoza yaliendelea, pa, pa, pa, kwa sababu mikono iliyofundishwa toka utotoni haijui kuacha katikati. "Zipo," alisema.

Mzee Ntakije akarudi nyuma kwenye kiti, akamgeukia mkuu. "Mimi niulize nini tena?" Mkuu hakuelewa. Mama Felista akamweleza, akiangalia meza, kwamba kwa mila za huku mwenye ugomvi na mtu hampi salamu, na huyu ametoa yote, mpaka mwisho. Mkuu akaonekana kama mtu aliyetuliwa gunia. Akaandika. Generoza, bado yuko chini, akasema, "Nimesalimia kwa kuwa niliambiwa ni adabu."

"Uliambiwa na nani?" mkuu akauliza.

Generoza alikuwa na jina mdomoni, akalimeza, akatazama sakafu.

Mkuu akanionyesha mimi kwa kalamu. "Wewe hapo mlangoni. Umemwona amepiga magoti mbele ya mkufunzi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Kuna mtu amemlazimisha?"

Neno nililotakiwa kusema lilikuwa fupi: mimi. Nimelisema mara nyingi baadaye, nikipika, nikisahihisha madaftari, njiani peke yangu. Siku ile nilifikiri mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, kwamba kushauri si kulazimisha, kwa hiyo nikisema hapana sisemi uongo. La pili, ambalo ndilo la kweli, kwamba darasa langu la samawati lilikuwa karibu sana. "Hapana," nikasema. Mkuu akaandika na hilo.

Tulipotoka Mzee Ntakije alitufuata mpaka kwenye ngazi. "Mwanangu," akamwambia Generoza, "nilikuwa natazama mdomo wako. Ungefunga tu. Ningekuuliza mimi, ningewauliza wote mpaka jua lizame. Umenifunga mikono." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayelalamika juu ya mvua, akachukua fimbo yake akaenda.

Mchana ule, juu ya ukuta wa matete, tukawasikia wakufunzi wawili. "Umeona makofi yale? Kama ya harusi." "Na yeye anamuuliza migomba!" Wakacheka, kikombe kikagongana na meza. Wasichana kumi na wawili tulikuwa tumekaa vitandani, hakuna aliyeinua uso. Kwenye foleni ya chakula wavulana walishapata wimbo wao, mmoja alipiga magoti mbele yake na bakuli mkononi, "Mwakeye, mke wa mkufunzi, migomba mizima?" Foleni nzima ikacheka, hata watu wema. Generoza alichukua ugali wake akaenda kuula amesimama, mpaka mwisho, hakubakiza. Alijua akiacha chakula nacho kitahesabiwa.

Barua ilikuja baada ya siku sita. Ameondolewa mafunzoni kwa kumsingizia mkufunzi, ushahidi ukiwa mwenendo wake mwenyewe mbele ya kamati na maelezo ya mwenzake. Mwenzake ni mimi. Alinipa nisome, sikujua pa kuweka macho. Siku ile ile, tukichambua maharage, Yasinta alisema bila kuinua kichwa, "Hata mimi. Kabla ya kile kitana." Mwingine akasema, "Mwezi wa nne." Mwingine alianza kulia juu ya ungo. Nikawaka, nikawauliza mbona hamkumsemea, mngekuwa wanne, mbona hamkusema. Yasinta akanitazama. "Tumemwona aliyesema," akajibu.

Generoza akafungasha kesho yake asubuhi. Kulikuwa na lori la maharage linalokwenda Kibondo, dereva akakubali kumshusha Busunzu. Nilimbebea sanduku la bati mpaka barabarani, naongea njia nzima. Nilimwambia tutamwandikia waziri. Nilimwambia ataweza kufundisha hata bila cheti, watoto wa kwao watampenda, nitamletea chaki. Yeye alitembea mbele na hakugeuka. Wavulana walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa kiwanja, na mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kikombe chake, anahakikisha ameondoka. Utingo akapokea sanduku. Generoza alikanyaga tairi, akapanda juu ya magunia, akakaa, akajifunga kanga. Mimi nikanyoosha mkono kumuaga.

Aliutazama mkono wangu, kisha akatazama ofisini, kisha akanitazama mimi. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu, kama wa mtu anayeeleza somo kwa mara ya mwisho kwa mwanafunzi asiyeelewa.

"Usinipe mkono, Zuhura," alisema. "Wanaangalia. Wataandika kwamba tumepatana."

Dereva akatia gia. Nikauweka mkono wangu nyuma ya mgongo, na kwa ule mwingine nikaushikilia huko huko, na nikasimama hivyo mpaka vumbi likatua.